Kanda ya Bibi Vika

Kila siku nikitoka shuleni nilikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa chakula. Kwanza nilipasua nazi za nguruwe, maana nguruwe wetu wakicheleweshewa walivunja ua na kwenda kula magimbi ya mchungaji. Halafu nilichota maji kwenye tangi. Mwisho nilikwenda kukaa na Bibi Lupe chumbani kwake, nikamkanda miguu na kumsomea zaburi, na yeye akanihoji habari za kijiji kizima: nani kapita, nani kagombana na nani, nani kaficha samaki. Hiyo ya tatu mimi sikuihesabu kuwa kazi.

Bibi Lupe alikuwa mama yake baba yangu. Mwaka uliotangulia alianguka kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga, na tangu hapo hakutoka tena chumbani. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu, hata mtu akisimama mbele yake alimwona kama kivuli. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya mbwa. Alimjua kila mtu kwa hatua zake, na kanisa likiimba angeweza kukwambia ni nani leo ana mafua.

Ili asikae peke yake, Baba alihamishia televisheni chumbani humo. Spika ya televisheni ile ilikuwa imekufa zamani kwa hewa ya chumvi, kama kila kitu cha chuma hapa kisiwani Lifuka, Tonga. Basi tulikuwa tunatazama raga bila sauti, na Baba anatangaza mchezo mwenyewe. Timu ya Tonga ilishinda mara nyingi sana katika matangazo yake, na Bibi alijua kwamba anadanganywa, akacheka.

Jumatano moja ya mwezi wa nane meli ilileta sanduku letu kutoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo, Auckland. Juu kulikuwa na nyama ya kopo, nguo, na viatu vya shule ambavyo vilikuwa vidogo kwangu kwa vidole viwili. Chini, ndani ya mablanketi, tukakuta deki ya video, amplifaya, spika mbili na kanda moja. Kulikuwa na barua pia. Iliandikwa na Maka, mtoto wa Bibi Vika, na Bibi Vika ndiye mdogo wake Bibi Lupe. Dada hao hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na sita.

Nikasoma barua kwa sauti. Maka alisema mama yake ana ugonjwa wa koo. Madaktari watamtoa zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, na baada ya hapo hatasema tena maisha yake yote. Huenda mkilipokea sanduku hili, aliandika, watakuwa wameshampasua. Mama amemwandalia dada yake kanda, na kwa kuwa televisheni yenu ni bubu, nimeweka na vyombo vya kuipigia.

Simu ilikuwa posta, na Bibi hakuweza kufika posta. Kanda ile ndiyo iliyokuwa njia pekee. Bibi alinyoosha mkono, nikampa, akaishika kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mama akasema tumwulize Babu Kitione. Babu Kitione ni kaka yao Bibi Lupe na Bibi Vika, jirani yetu wa uani, na alifanya kazi miaka ishirini na miwili Auckland katika karakana ya kutengeneza redio na televisheni. Baba akatikisa kichwa. Kwetu kaka haingii mahali anapolala dada yake, na hata wakizeeka hawakai chumba kimoja kutazama picha. Hiyo ni heshima, wala hakuna anayeilalamikia. Babu Kitione alikuja kila asubuhi akaketi barazani chini ya dirisha la dada yake, wakazungumza ukuta ukiwa katikati, kisha akaacha samaki na kwenda zake.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Mimi Lesieli nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na nilikuwa nimesifiwa mpaka sifa zikanipanda kichwani. Nikasema hakuna haja ya kumsumbua Babu. Kitabu cha mashine kimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza nakijua. Baba akafurahi. Bibi akasema, "Mungu akubariki, mjukuu wangu." Sikulala na njaa siku hiyo, nililala nimeshiba sifa.

Kesho yake shuleni nilimsimulia rafiki yangu Pisila kwamba mimi sasa ndiye fundi wa mitambo nyumbani kwetu. Pisila aliendelea kula shelisheli lake bila hata kunitazama. Akasema, "Fundi gani wewe? Juzi redio ya mwalimu ilikushinda hata kuizima." Nikamwambia ana wivu.

Niliporudi nyumbani nilikuta Mama ameshaipamba amplifaya. Kitu cha thamani kwetu hakiachwi uchi. Aliiweka juu ya meza, akaifunika kitambaa chake kizuri cha kufuma kilichoshuka mbele na nyuma, akaizungushia shada la maua, na juu yake akasimamisha picha ya harusi yake na Baba. Ilionekana kama altare. Niliogopa kuivua, kwa hiyo niliingiza mkono nyuma chini ya kitambaa na kupapasa. Kulikuwa na matundu mengi. Kila plagi niliichomeka katika tundu lililoikubali.

Kitabu nilikisoma, usidhani sikukisoma. Maneno yake niliyatafuta katika kamusi ya shule, na kamusi ikanipa maana ya kila moja. Lakini kujua kwamba neno hili maana yake ni "kuingia" hakukuniambia ni kitu gani kinaingia, kinatoka wapi, na kwa nini. Nilikuwa kama mtu anayejua majina ya viungo vyote vya mchuzi na hajawahi kukaa jikoni.

Alasiri hiyo wanawake wa ukoo walikuja, wakaketi kwenye mikeka kandokando ya kitanda, kiasi cha watu kumi. Nikasukuma kanda ndani ya deki. Picha ikatokea, nzuri, yenye rangi zote. Bibi Vika ameketi kwenye kiti cha kijani, amevaa mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, ana ua sikioni, na nyuma yake ukuta umejaa picha zetu. Wanawake wakaguna kwa furaha. Bibi Vika akaanza kusema, mdomo wake ukatembea, na hatukusikia kitu.

Bibi akaniambia niongeze sauti. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Spika zikatoa mvumo mdogo, kama inzi ndani ya chupa, basi. Nikaizima deki nikaiwasha. Nikachomoa waya nikazichomeka tena. Kila nilipogeuka niliona macho ya wote yakinitazama, na yale mawili yasiyoona ndiyo yaliyonitisha zaidi.

Ningesema neno moja tu mambo yangekwisha. Badala yake nilisema, "Kanda haina sauti, Bibi. Walisahau kurekodi sauti."

Wanawake waliniamini mara moja. Mmoja akasema watu wa Auckland ndivyo walivyo, wana haraka hata ya kunywa chai. Nikashusha pumzi. Nilidhani nimeokoka.

Bibi akauliza, "Mdomo wake unatembea?"

Nikamwambia unatembea.

"Anaongea kidogo, au sana?"

"Sana, Bibi."

Akasema polepole, "Basi wameshamkata. Maka hakutaka kuniambia. Alimkalisha mbele ya kamera hivyo hivyo, bila sauti, ili nimwone." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimwone kwa macho gani?"

Wanawake wakaanza kulia, Mama akalia, na mimi nikalia pamoja nao. Waliosema mtoto huyu ana huruma hawakujua kilichonitoa machozi. Bibi hakula chakula cha jioni. Hata samaki wa kuchoma aliyeletwa na kaka yake hakumgusa.

Ijumaa nilikwenda shuleni na kurudi bila kujua nilichofundishwa. Nikapasua nazi, nikachota maji, nikaingia kwa Bibi. Hakunihoji habari za kijiji. Aliniambia nichukue karatasi na kalamu, kwa sababu Jumamosi meli inaondoka na anataka kumjibu mdogo wake. Nikaketi sakafuni, yeye akasema, mimi nikaandika.

"Mdogo wangu Vika. Kanda yako imefika salama. Nimekusikia vizuri kabisa, na sauti yako haijabadilika hata kidogo."

Kalamu ikasimama. Nikamwambia, "Lakini Bibi, hukumsikia."

"Andika," akasema. "Mtu aliyepoteza sauti haambiwi kwamba hakusikika. Mimi sijawahi kumdanganya mdogo wangu tangu kuzaliwa kwake. Uongo huu ndio wa kwanza, Mungu atanisamehe."

Nilitazama mwandiko wangu mzuri, ule ulionipatia zawadi shuleni, na uongo wa Bibi ndani yake. Lakini uongo ule haukuwa wa Bibi. Ulikuwa wangu. Mimi niliupanda, yeye anauvuna, tena kwa upendo. Mkono ukanigoma. Nikasema naenda kutafuta wino, nikatoka mbio kuvuka ua.

Babu Kitione alikuwa kwenye meza yake chini ya paa la jiko, anachomelea waya za redio ya mwalimu mkuu, moshi wa risasi ya kulehemia ukimzunguka. Kwetu watoto na wajukuu wa dada wana ubavu juu ya kaka yake. Sisi tungeweza kuchukua samaki wake bila kuomba na yeye akacheka. Siku hiyo sikuwa na ubavu wowote. Nilisimama tu.

Akasema, bila kuinua kichwa, "Karibu, fundi. Nasikia umefungua karakana, mimi nitakosa wateja."

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote: sifa, kamusi, matundu, uongo, barua. Mwisho nikasema, "Babu, sijui kitu. Sijui hata kimoja."

Akaweka chuma chake cha kuchomelea pembeni, akanitazama vizuri. Nilingoja makofi. Akauliza, "Ulipoongeza sauti, ulisikia nini?"

"Mvumo."

"Basi amplifaya ni nzima na spika ni nzima. Kilichokosekana ni chakula chao tu." Akavuta kipande cha boksi na mkaa. "Waya mwekundu umetoka wapi?"

"Kwenye tundu."

"Tundu gani?"

"La nyuma."

"Hata kuku ana tundu la nyuma, mjukuu wangu. Kila tundu lina jina, na usipolijua jina lake huwezi kuniambia liko wapi wala mimi siwezi kukusaidia. Kaa hapa."

Akachora. Deki, alisema, kazi yake ni kusoma kanda, na sauti inayoitoa ni ndogo mno, ni mnong'ono. Amplifaya huchukua mnong'ono huo na kuukuza. Spika huurusha hewani mpaka masikioni mwa watu. Waya wa manjano ni wa picha, umekwenda kwenye televisheni, na huo bahati yangu ulinikubali. Mwekundu na mweupe ni wa sauti, mmoja upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Halafu akachora matundu. Tundu la kutolea linaitwa towe, na hilo ni mdomo. Tundu la kuingizia linaitwa ingizo, na hilo ni sikio.

"Waya hutoka mdomoni kwenda sikioni," akasema. "Nadhani wewe umeunganisha mdomo wa deki na mdomo wa amplifaya. Wote wawili wana la kusema, na hakuna anayesikiliza. Kama wewe na Pisila."

Nilicheka huku kamasi zinatoka. Nikasimama nikitaka kukimbilia kwenye mashine, lakini akanishika kiwiko. Aliniambia nianze kwa Bibi. Mashine haina haraka, alisema, dada yake ndiye anayeumia tangu jana, na hastahili kungoja hata dakika moja zaidi ili mimi kwanza nipate kuonekana nimetengeneza.

Ua ule una hatua thelathini. Sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Bibi, nilidanganya. Sijui kama kanda haina sauti. Sikujua kuunganisha, nikaona haya kusema."

Alinyoosha mkono akanipapasa uso, akakuta umelowa. Kisha uso wake mwenyewe ukabadilika, ukafunguka.

"Kumbe sauti ya Vika huenda imo kwenye kanda," akasema. "Kukuchapa nitakuchapa baadaye. Sasa hivi muite kaka yangu."

Babu Kitione alikuwa ameshafika. Aliketi barazani, mgongo kwa dirisha, uso kwa kuku. Mama alikuja kusimama mlangoni, mikono yake bado ina unga. Babu akaniuliza kupitia dirishani, kitu gani kiko juu ya amplifaya. Nikamwambia kitambaa cha kufuma, shada la maua na picha ya harusi.

"Vua vyote. Hiyo si bibi harusi. Ina matundu ya kupumulia, ikizibwa itapata joto ife."

Mama alitia mkono mdomoni. Tukavua pamoja, na kitambaa kilipoondoka nyuma niliona kitu ambacho sikukiona siku ile ya kupapasa: juu ya kila tundu palikuwa na maandishi. Babu akaniambia nimsomee neno lililo juu ya waya mwekundu. Nikasoma. Akasema, kama nilivyodhani, hilo ni towe, la kurekodia. Tafuta safu ya ingizo, utafute lililoandikwa jina la deki. Nililipata, safu ya pili kutoka chini. Nikahamisha mwekundu, nikahamisha mweupe.

"Sasa mbele. Kuna kitufe kikubwa cha kuzungusha. Si cha sauti, kile kingine, cha kuchagulia. Kimeelekea wapi?"

"Kwenye santuri, Babu."

"Tuna santuri humo ndani?"

"Hatuna."

"Basi amplifaya imekaa mlangoni inamsubiri mgeni ambaye hajaalikwa. Izungushe ielekee deki. Lakini kwanza shusha sauti mpaka chini, usije ukampasua dada yangu masikio."

Nilikuwa nimeiacha sauti juu kabisa tangu Alhamisi. Nikaishusha. Nikazungusha cha kuchagulia. Nikairudisha kanda mwanzo, nikabonyeza, nikaanza kupandisha sauti kidogo kidogo.

"Lupe," kanda ikasema. "Lupe, ni mimi. Sauti imekwaruza kidogo, nivumilie."

Bibi alitoa mlio mdogo, akashika ukingo wa kitanda. Bibi Vika alikuwa na sauti nzito, kavu, yenye kicheko chini yake, na alisema taratibu ili asikohoe.

"Wananipasua Jumanne," alisema. "Leo ni Ijumaa. Nimebakiwa na siku nne za kuwa na sauti, na nimekaa nikajiuliza nizitumie kwa nini. Nimeona nikushukuru. Wewe uliacha shule ili mimi nisome. Ulisuka mikeka miaka mitatu, vidole vikatoka damu, ndiyo nauli yangu ya kuja huku. Mimi nikapanda meli, nikakupungia mkono, sikusema asante. Nilidhani kuna muda. Kila barua nilisema nitaandika, nikaandika habari za mvua. Sasa nasema kwa mdomo wangu, sauti ingali ipo. Asante, dada. Kila nilichonacho kimetoka vidoleni mwako."

Bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alijibu kanda kana kwamba mdogo wake yuko chumbani, akisema haya, haya, nyamaza, utachoka. Mama aliketi sakafuni palepale, akajifuta macho kwa mikono yenye unga.

Bibi Vika akanywa maji. Kisha akasema, "Kitione naye najua yuko nje, chini ya dirisha, anajifanya anatazama kuku. Simamisheni kanda kwanza mumsogezee spika, maana nina neno naye."

Nikasimamisha kanda. Spika ya kulia waya wake ulikuwa mrefu, nikaibeba nikaiweka dirishani, uso nje. Nikabonyeza tena. Ndani Bibi Vika alikuwa anasema, lakini Babu akapaza sauti kwamba hasikii kitu, amesikia tu kama mtu anayezungumza nyumba ya pili. Nikatega sikio kwenye spika ya dirishani. Ilikuwa kimya kabisa. Sauti yote ilikuwa inatoka kwenye spika ya kushoto.

Safari hii sikutafuta uongo. Nilisema, "Babu, sijui kwa nini. Spika ya kushoto inasema, ya kulia haisemi."

"Umeniambia vizuri sana," akajibu. "Maka alitumia kipaza sauti kimoja akarekodi upande mmoja. Sasa hivi mashine iko kwenye stirio, kila spika inapewa sauti ya upande wake, na huku kwangu hakuna kitu. Tafuta kitufe kilichoandikwa mono. Hicho huzipa spika zote mbili sauti ileile."

Kilikuwepo, kidogo, pembeni. Nikakibonyeza. Nikairudisha kanda nyuma kidogo, na sauti ya Bibi Vika ikatoka dirishani hadi uani, kuku wakashtuka.

"Kaka," alisema. "Ile miaka uliyokuwa huku, kila Ijumaa nilikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Nyama, viazi, mara viatu vya Maka. Hukubisha hodi hata siku moja, na hukunitajia hata siku moja. Ulidhani sikujua. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nakutazama unavyoondoka kwenye baridi. Asante, kaka yangu. Watoto wangu walikula kwa mkono wako."

Bibi akanivuta shati, akaniuliza kwa kunong'ona Kitione anafanya nini. Nikachungulia juu ya spika. Mabega ya Babu yalikuwa yanatikisika, na alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

"Anatazama kuku, Bibi," nikasema.

"Mwache awatazame," akasema Bibi.

Tuliisikiliza kanda mpaka mwisho, kisha tukaisikiliza tena. Jua lilipoanza kushuka, Bibi aliomba chakula, akala magimbi na samaki, akaomba na cha pili. Halafu akaniambia nilete ile barua. Nikamsomea mstari niliouandika, akaniamuru niichane, nikaichana vipande vidogo.

Akanikalisha karibu naye. Nilijua kipigo kimefika. Badala yake akanishika mikono yote miwili.

"Lesieli, hakuna aliyekutaka ujue kila kitu. Tulikutaka ujaribu. 'Sijui' ni neno dogo, halijamuua mtu. Lakini Alhamisi ulipolimeza, mimi nilimlilia mdogo wangu usiku kucha, na leo nikataka kumdanganya. Kaka yangu yuko hatua thelathini tu kutoka hapa, ana elimu yote hiyo, naye pia ukamnyima sauti ya dada yake. Anayejifanya anajua hajinyimi peke yake, anawanyima na wenzake."

Nikainamisha kichwa. Akaendelea, sauti yake ikiwa laini.

"Ila nakushukuru. Kuunganisha waya hata Pisila angeweza kufundishwa. Nakushukuru kwa sababu ulirudi ukapiga magoti hapa kabla hujajua kama mashine itapona. Hilo ni gumu, na umeliweza." Kutoka nje Babu Kitione akasema, kupitia dirishani, kwamba yeye pia anashukuru, na kwamba kuanzia Jumatatu karakana yake ina nafasi moja ya mwanafunzi anayejua kusema hajui. Nilikwenda Jumatatu hiyo, na ndiko nilikoanza kazi ninayoifanya mpaka leo.

Nikachukua karatasi mpya. Bibi akatamka, nami nikaandika: mdogo wangu Vika, kanda imefika, nimekusikia kila neno, na Kitione kakusikia. Asante yako nimeipokea. Akasema mengine mengi, ya mikeka, ya utoto wao, ya nyonga yake. Nilipodhani amemaliza akainua kidole.

"Ongeza hapo chini. Mashine imeunganishwa na mjukuu wangu Lesieli. Kwanza hakujua, akaficha. Kisha akasema hajui, akafundishwa."

Nikamwomba tuandike tu kwamba niliiunganisha. Auckland nzima itaisoma barua hii, nikamwambia, watanicheka.

"Mwache Vika acheke," akasema Bibi. "Kucheka hakuhitaji zoloto. Andika."

Nikaandika, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mzuri.